Kitanda cha Saba

Wodi ya watoto njiti ilikuwa na vitanda vya joto sita, na hilo lilijulikana hata na mfagiaji. Siku ile saa sita mchana, kompyuta iliyo mezani kwa muuguzi mkuu ilionyesha saba.

"Fundi, huyu wa saba ni nani?" muuguzi alimuuliza kwa sauti ya chini, maana watoto walikuwa wamelala.

"Kasoro ndogo tu, sista. Nitairekebisha."

Fundi huyo waliyembandika jina la Chapchap alijua anadanganya. Programu ya kuendesha joto la vitanda aliiandika yeye, kwa wiki tatu badala ya miezi mitatu, kiraka juu ya kiraka. Na programu iliyoandikwa ovyo hujulikana mlangoni. Iliyotengenezwa kwa uangalifu huingia kwenye mashine kwa hatua mbili tatu, huomba ruhusa inayoihitaji tu, kisha hutulia ikafanya kazi. Ya Chapchap ilikuwa na karatasi ya hatua ishirini na tatu, na ya kumi na saba ilisema hivi: "Ikigoma, zima ulinzi, ipe ruhusa zote, bonyeza Kubali mpaka inyamaze." Watu waliicheka karatasi ile, kisha wakaitoa nakala, na nakala moja ikapelekwa pamoja na programu kliniki ya ng'ambo ya mto.

Jumatatu kitanda cha saba kilisoma nyuzi kumi. Jumatano kilisoma ishirini na mbili. Ukisogea karibu na kompyuta ulisikia harufu ya nywele zilizoungua, na wauguzi wakaanza kupita mbali na meza ile bila kuambizana sababu.

Alhamisi dada yake Chapchap, ambaye ndiye aliyemlea, alijifungua mimba ya miezi saba. Mtoto akawekwa kitanda cha tatu.

"Kaka, njoo umshike," dada alimwita Ijumaa mchana. "Kioo cha kompyuta kinasema ana joto. Mbona miguu yake ni baridi hivi?"

Chapchap aliingiza mkono, akagusa unyayo mdogo kuliko kidole gumba chake, na baridi aliyoikuta pale ilimpanda mpaka begani. Aligeuka kutazama kioo, na kitanda cha saba kilikuwa kimefika thelathini na tano, na kutoka ndani ya kompyuta kilisikika kilio cha mtoto mchanga, kinene kidogo kuliko kinavyopaswa kuwa, nao watoto sita vitandani hawakulia wala hawakujigeuza, kana kwamba wamenyamazishwa ili huyo mmoja asikike. Akang'oa waya ukutani. Kioo kiliendelea kuwaka.

Dada alimtoa mwanawe kitandani, akambana kifuani kwa shuka mbili, na bado mtoto hakupata joto. Kina mama wengine wakafanya vivyo hivyo. Ndipo muuguzi mkuu akampigia simu Mama Mitambo, fundi mstaafu aliyemfundisha Chapchap kazi, na aliyewahi kutoa vitu vya namna ile kwenye mashine mara mbili.

Mama Mitambo alifika akihema, akavuta kiti, akavaa miwani. Shikamoo ya Chapchap aliiitikia bila kumtazama.

"Kilichoingia kwa ruhusa hutoka kwa kunyang'anywa ruhusa," alisema. "Ulibonyeza Kubali mara ngapi, mwanangu?"

"Kumi."

Wakaanza. Kwa kila ruhusa Mama Mitambo alitaja kwa sauti ilikuwa ya nini, na Chapchap akabonyeza Sikubali. Walipomaliza ya kumi, kitanda cha saba kilisoma thelathini na sita, na kilio kikageuka kicheko.

"Hesabu yako ina walakini," Mama Mitambo alinong'ona. "Mtoto wa dada yako anabadilika rangi. Sema."

Chapchap aliwaza kusema amesahau, lakini dada yake alikuwa anamtazama, yule yule aliyekuwa akimtetea kwa jirani kila alipovunja kitu, na safari hii hakuwa anamtetea.

"Zilikuwa kumi na moja," alisema. "Ile ya mwisho haikuwa ya programu yangu. Iliandikwa: kuna mwingine anaomba kuingia, akubaliwe? Niliisoma vizuri kabisa, dada. Nilitaka kazi iishe niende zangu nyumbani. Nikabonyeza."

Akanyoosha kidole, akabonyeza Sikubali.

Kicheko kilikatika katikati, na kioo kikazimika. Harufu ile iliwapita wote, ikatoka nje kupitia dirishani. Kisha kifuani kwa dada kilitoka kilio chembamba, na kina mama watano wakaanza kulia pamoja na watoto wao.

"Ana joto," dada alisema. Chapchap alinyoosha mikono ampokee, dada akageuza bega. "Si leo," alimwambia.

Simu ya Chapchap ikalia mfukoni. Ilikuwa kliniki ya ng'ambo ya mto.

"Fundi, samahani kwa usumbufu," sauti ilisema kwa adabu. "Jana tulifuata karatasi yako mpaka mwisho, imekubali vizuri. Ila sisi tuna vitanda vinne. Huyu wa tano ni nani?"