Macho ya Hua wa Uani

Kila asubuhi, mtaani Cibitoke, Bibi Sijaona alipepeta mchele uani, na hua walishuka kuokota chenga. Ndiyo maana Madame Irène, mwalimu wa darasa, alimpa Sumaya, mjukuu wa bibi huyo, kazi ya kuwatazama siku saba na kuandika wanavyotofautiana. Rafiki yake Marwa angewatazama wa kwao.

Sumaya alipenda usingizi kuliko hua. Hakuamka mapema hata siku moja. Jioni ya mwisho alijaza siku zote saba kwa mkupuo: rangi ya majivu, utepe mweusi shingoni, macho mekundu. Hua ni hua, alijiambia.

Darasani, Marwa alisoma kwamba hua mmoja alikuwa na jicho la manjano.

"Apana, macho yote ni mekundu," Sumaya alisema, akiinua daftari lake lililojaa. Wenzao wakacheka. Madame Irène alimwambia Marwa akatazame tena. Marwa akachukua kifutio, akalifuta neno lake huku machozi yakimlengalenga.

Usiku huo usingizi ulimkataa Sumaya. Kulipokucha alikuwa uani, kando ya bibi. Hua wawili walishuka. Mkubwa alikuwa na jicho jekundu. Mwenzake alikuwa na jicho la manjano, lililozungukwa na ngozi nyekundu. Hata sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayesukutua maji.

"Bibi, Marwa alisema kweli. Mi niliandika uongo."

"Nilijua kama haukuwatazama," bibi alisema, ungo haukusimama. "Siku saba nimepepeta peke yangu. Sasa sikiya, mwanangu. Umemuaibisha mwenzako mbele ya watu. Usiende kumuomba radhi pembeni."

Darasani Sumaya alisimama. Alitamani ardhi ipasuke immeze. "Daftari langu ni la uongo," alisema. "Sikuwatazama. Marwa ndiye aliyeona. Marwa, nisamehe."

Safari hii hakuna aliyecheka.

"Hata mimi nimekosa," alisema Madame Irène. "Nilitazama wingi wa maandishi, sikuuliza. Njia ya mwongo ni fupi, watoto, lakini mwenye kuumia humo ni msema kweli. Anayemnyamazisha ana deni la kumrudishia sauti yake."

Marwa alimsogezea Sumaya daftari lake na kalamu. "Andika we."

Karatasi ilikuwa imekonda pale ilipofutwa. Sumaya aliandika polepole, asiitoboe: manjano.