Mwenye Kujibu Mteremkoni

Jambo la kwanza lililokwenda kombo siku ile lilikuwa dogo mno, na Clarisse alilipuuza: mumewe alimjibu kabla hajamaliza kuuliza.

Walikuwa wameanza kushuka ukuta wa mlima kuelekea Kasenyi, kando ya ziwa, yeye mbele, Adrien nyuma, kila mmoja juu ya baiskeli yake ya milimani yenye matairi manene. Hawakufuata barabara ya magari. Walifuata njia ya zamani, nyembamba, ambayo wabeba samaki wamekuwa wakiipanda na mizigo yao tangu enzi za babu zao. Ukigeuza shingo pale kutazama nyuma, baiskeli hufuata shingo na mwisho wako ni korongoni. Ndiyo maana kuna desturi: wa mbele hageuki. Huita tu, "Uko?" na wa nyuma hujibu, "Niko." Watu wa Bunia wanaijua desturi hiyo, hata wale ambao mlima wenyewe hawajawahi kuukanyaga. Shida ni kwamba wengi wanaijua nusu.

Kwenye kona ya pili Clarisse alifungua kinywa kuita, na neno lake halijatoka lote, "Niko" ikamfikia sikioni, laini, karibu sana.

"Malembe, papa, polepole!" alicheka. "Utanigonga!"

Nyuma yake hapakuja kicheko. Ilikuja harufu ya mpira wa breki ulioungua, kisha ya majani mabichi, na yeye akaendelea kushuka.

Msimlaumu haraka. Mteremko ule waliuota miaka mingi. Adrien, mwalimu wa hesabu, alipomchumbia hakumwahidi nyumba wala ng'ombe. Alimwahidi ziwa. "Siku moja tutashuka siye wawili, bila injini, bila kelele," alisema, na wazee wa Clarisse wakaulizana kama kijana ana akili timamu. Baiskeli walizinunua kwa wafanyabiashara wa mitumbwi ya Uganda, lakini kila walipopanga safari, vita navyo vilipanga vyake. Zikaning'inia ukutani sebuleni, wageni wakidhani ni mapambo. Mwaka huu njia ilipotulia kidogo, watu wakashuka na kurudi salama, Adrien akazitungua huku machozi yanamtoka. Na walipofika ukingoni asubuhi ile, ziwa lote likiwa wazi chini yao na vilima vya ng'ambo vikionekana kwa mbali, Adrien alishuka kwenye baiskeli yake.

"Muke wangu, nilikudanganya," alisema hatimaye. "Nilisema iko muzuri. Kumbe iko muzuri kupita."

Hayo yalikuwa maneno yake ya mwisho ambayo Clarisse ana hakika ni yake.

Alishuka hadi chini akiita kila kona na akijibiwa kila kona. Njia ilipolala tambarare alikanyaga ardhi, akageuka akiwa na kicheko mdomoni ili amwone mumewe akiingia. Njia ilikuwa tupu.

"Adrien! Uko?"

"Niko," ilisema sauti kutoka kwenye majani marefu pembeni yake, na majani hayakutikisika.

Wavuvi na wabeba samaki walipanda kumtafuta, wakaendelea na tochi giza lilipoingia. Walimpata alfajiri chini ya kona ya pili, kiuno kimevunjika, kucha zimejaa udongo. Aliyemfikia kwanza alisema mwili ulikuwa bado una vuguvugu. Maana yake aliishi mchana mzima na karibu usiku mzima, mahali ambapo mtu akiita anasikika.

Kwenye matanga watu walinong'ona kwamba msiba wa kujitakia hauna kilio. Aliyeitunga methali hiyo hakuwahi kufiwa. Kilio kipo, tena kirefu.

Siku ambayo jamaa wa mwisho walikunja mikeka na kuondoka, Clarisse alichemsha chai, na kwa mazoea tu akapaza sauti kuelekea chumbani. "Adrien, uko?" Akajiziba mdomo kwa aibu.

"Niko."

Ilikuwa sauti yake hasa, na ule ukavu wa koo lililomeza chaki miaka mingi. Mlango wa chumba ulikuwa wazi nusu, na kutoka ndani ikaja harufu ya breki zilizoungua na majani yaliyolowa. Wewe ungekimbia. Clarisse alikaa sakafuni akamshukuru Mungu kwa machozi, akaita tena, na tena, mpaka chai ikapoa.

Tangu hapo hakumtaka mtu mwingine. Cherehani yake ilishika vumbi, na wateja waliofuata nguo zao aliwarudisha. Jioni, umeme ukikatika, alinong'ona mlangoni mwa chumba.

"Uliumia sana?"

"Niko."

"Unanikasirikia, Adrien? Sikugeuka. Uliniambia hapana geuka."

"Niko."

Neno lingine sauti ile haikuwa nalo, na yeye hakudai. Lakini sauti ilianza kuhama. Leo ilijibu kutoka jikoni, kesho kutoka juu ya dari, siku nyingine nyuma ya bega lake akiwa amesimama peke yake uani, na mbwa wa jirani waliacha kukatiza kiwanja kile. Kila siku ilijibu mapema zaidi, hadi ikafika kumjibu kabla hajaita, akiwa amewaza tu.

Kisha homa ikamwangusha. Alilala kitandani hana nguvu ya kufikia maji, midomo imepasuka, na hapo ndipo Ambroise, mdogo wake Adrien, aliposimama langoni.

"Shemeji! Uko?"

Clarisse alikusanya pumzi. Kabla haijatosha, sauti ya mwanamke ilijibu kutoka sebuleni, tulivu, ya mtu aliyeshiba na kupumzika.

"Niko."

Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

"Bon! Mama iko na wasiwasi, anasema hawakuone ku kanisa. Uko muzima?"

"Niko."

"Sawa basi. Nitapita juma ijayo."

Clarisse alijaribu kupiga kelele na koo likatoa upepo tu, akajaribu kugonga ukuta na mkono ukaanguka njiani, akasikia nyayo za Ambroise zikiondoka, zikivuka mfereji, zikipotea kwenye kelele za pikipiki, na pale alipolala, macho yameganda kwenye mlango, harufu ya majani yaliyolowa ikisogea polepole kutoka sebuleni kuja kitandani, alielewa kwa mara ya kwanza mumewe alilala vipi chini ya kona ya pili, akiita kwa nguvu zake zote huku mwingine akimjibia kwa upole kwamba yupo, kwamba hakuna shida, kwamba mke aendelee tu kushuka.

Aliyemwokoa ni kinu. Mama Rebecca, jirani yake, muuza samaki mwenye sauti ya kufukuza ndege shambani, alikuwa amemwazima kinu chake na subira ilikuwa imemwishia.

"Clarisse! Uko?"

"Niko."

"Kama uko, leta kinu yangu!"

"Niko."

"Sikuulize kama uko, niliuliza kinu! Uko kiziwi?"

"Niko."

Mama Rebecca akanyamaza, jambo ambalo mtaa haukulizoea. Alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Umebeba nini?"

Hakuna aliyejibu. Mama Rebecca akausukuma mlango kwa bega akaingia, akamkuta Clarisse karibu na kufa, akambeba mgongoni hadi kwenye kituo cha afya.

Huko, dawa zilipoanza kumrudisha, mama Rebecca akamwambia kwa mnong'ono, akitazama dirishani kila mara.

"Baba yangu alibeba samaki ku njia ile. Hawakuwa nauliza 'uko' na kunyamaza. Wanauliza 'uko', kisha wanauliza 'umebeba nini'. Mutu atasema niko na samaki, niko na chumvi. Ule wa mutelemuko akisikia ile ya pili, ananyamaza. Basi wanajua, wanarudi haraka kutafuta mwenzao."

"Siye tulijua ile ya kwanza tu," alisema Clarisse.

"Batu ya mujini," alisema mama Rebecca, bila ubaya, akamfuta uso. "Njoo nikuambie sababu gani ananyamaza. Muzigo iko nayo. Amebeba sauti ya batu wenye walikuwa naita, akaifunika. Hataki kuionyesha. Lakini mutu mwenye alimuleta kwa nyumba, kama weye, akimuuliza, lazima ashushe muzigo yote, kisha anaenda. Tutaomba, na utamuuliza. Na weye hapana jibu, unasikia? Hata neno moja. Ukijibu, anabeba muzigo tena na anabaki. Siku moja atakuua, vile alitaka kukuua."

Jumamosi, mchana, mvua ikipiga mabati, wanawake wawili walikaa chini sebuleni. Mama Rebecca alisali kwanza, kisha akamshika Clarisse mkono.

"Uko?" aliita Clarisse.

"Niko."

"Umebeba nini?"

Harufu iliwajia nzito mpaka wakakohoa. Mlango wa chumba ukajifungua hadi mwisho, polepole. Kisha kutoka gizani mle Adrien akapiga kelele.

"Clarisse! Nimeanguka! Ngoja!"

Mama Rebecca alimkaza mkono. Hivyo ndivyo ilivyoanza, na haikuisha upesi, kwa sababu mzigo ulishushwa wote kama ulivyopakiwa. Aliita kwa nguvu, mara kwa mara, akingojea jibu katikati. Alisema hasikii miguu. Alimwambia baiskeli iko nzima, yeye ndiye aliyeharibika, akajaribu kucheka mwenyewe. Aliita mama yake. Mvua ikapungua na kurudi, mwanga wa mlangoni ukageuka rangi, naye akawa anafundisha, akizidisha saba kwa mbili, saba kwa tatu, ili asilale, akikosea na kuanza upya, koo likizidi kukauka, na Clarisse, kitenge kimejaa mdomoni, alitikisika mwili mzima na hakutoa hata sauti ya pumzi.

Giza likaingia. Sauti ilikuwa imebaki kidogo, ya mtu anayesema akiwa amelaza shavu ardhini.

"Naona tochi," ilisema. "Ziko mbali."

Kisha muda ukapita, wakadhani yameisha. Mama Rebecca alianza kuvuta pumzi ya kushukuru.

"Clarisse," alisema Adrien. "Uko?"

Aliuliza taratibu, jinsi alivyokuwa akiuliza kitandani kabla ya kulala. Hakulaumu. Alitaka kujua tu.

"Hapana jibu," mama Rebecca alinong'ona, machozi yakimtiririka. "Mutoto yangu, ni ya mwisho. Hapana jibu. Uache aende."

Clarisse alijua. Alijua ni neno moja tu lililobaki kati yake na nyumba safi. Alijua pia kwamba mtu huyu alikufa akiuliza swali hilo, na dunia nzima haikumjibu. Akatoa kitenge mdomoni.

"Niko," alisema. "Niko, Adrien. Niko hapa, bwana yangu. Niko."

Chumbani mtu alishusha pumzi ndefu, ya kupumzika. Na nyuma ya bega la Clarisse, jikoni, kitu kingine kiliguna, kikajitwika mzigo wake.

Mama Rebecca hakumkemea. Alimvuta kifuani, wakalia pamoja mpaka mvua ikakoma.

Kitu hicho kipo bado nyumbani mle. Ndiyo maana wanaokwenda kwa Clarisse siku hizi hawaiti langoni, hata mgeni hufundishwa njiani. Wanaingia moja kwa moja, wanamsikia akisema "Niko" kutoka vyumba viwili, na hawaamini hata kimoja mpaka wamemshika mkono.