Taco la Darajani

Nayibe Forero alikuwa na desturi ya kusahihisha Kihispania cha wenzake kila asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza. Hakuna aliyemtuma. Alikuwa anaongoza somo hilo katika shule yao ya Bogotá, na alitaka kila mtu ajue.

"Tráfico ni magari yanayopita," aliwaambia Alhamisi moja. "Tránsito ni wale askari wanaoyaongoza. Foleni isiyosogea ni trancón. Hata mbuzi angeelewa."

"Sisi Medellín tunaiita taco," alisema Yurany, msichana aliyehamia mwezi uliopita.

Nayibe alimkagua kuanzia viatu hadi nywele. "Taco ni chakula cha Wameksiko. Kwani huko kwenu mnakula barabara?"

Darasa likacheka. Yurany akainamisha kichwa.

Saa sita Nayibe aliruhusiwa kutoka ili ampeleke bibi yake, Otilia, kwa daktari wa macho. Bibi alikuwa anaona ukungu mtupu, na miadi ile waliingoja miezi minne. Bibi alikuwa tayari ndani ya teksi, ng'ambo ya barabara. Yurany akamfuata Nayibe mbio mpaka getini.

"Msipite darajani. Mama anauza mikate ya arepa pale, amenipigia simu. Kuna taco kubwa."

"Basi mwambie asiimalize peke yake," Nayibe akajibu, akaenda zake.

Walipofika darajani, magari yalikuwa yamesimama kama yamepigiliwa misumari. Nusu saa ikapita. Bibi alikuwa anaipapasa kadi yake ya miadi.

"Laiti mtu angenidokeza," alisema dereva, Don Fabio.

Nayibe aliinama mbele. "Kuna msichana aliniambia kuna taco hapa."

Don Fabio akageuka. "Mimi ni mzaliwa wa Medellín, binti. Ungetamka neno hilo tu, ningezungukia barabara ya juu. Kwa nini ulinyamaza?"

"Nilimdharau."

Bibi alifungua mlango. "Nishike mkono. Tutatembea."

Walitembea mitaa minane, Bibi akijikwaa kila ukingo wa njia. Kwenye kliniki, karani aliwaambia nafasi yao amepewa mgonjwa mwingine. Nayibe angeweza kulaumu foleni. Badala yake alisema, "Kosa ni langu, si lake. Nilionywa nikapuuza. Tafadhali, tutangoja hata mwisho."

Karani aliingia ndani, akarudi. "Daktari atamwona wa mwisho. Kaeni hapo."

Walikaa kwa saa nne kwenye benchi gumu, na Nayibe akamsimulia Bibi yote yaliyotokea darasani asubuhi. Bibi alitoka na tarehe ya upasuaji, majuma mawili mbele.

"Bibi, nisamehe," Nayibe alisema.

"Mimi nimeshakusamehe. Kesho utamwomba radhi yule msichana, mbele ya wale wale waliocheka."

"Watanicheka mimi."

"Wacha wakucheke. Wewe unajua maneno matatu ya barabara, mwenzako anajua manne, halafu eti mjinga ni yeye. Alitukanwa asubuhi, na bado mchana akakukimbilia kukuonya. Anayemdharau msemaji hausikii ujumbe, mjukuu wangu, na leo ujumbe ulikuwa macho yangu."

Kesho yake Nayibe alisimama mbele ya darasa, na safari hii hakumsahihisha mtu. Aliomba radhi kwa sauti iliyosikika hadi dawati la nyuma.