Kongi Ameitika

Sakafu ya chumba cha kulala ilikuwa na doa la joto. Darae aliligundua kwa unyayo asubuhi moja, alipokuwa akitoka bafuni kutapika. Halikuwa kubwa, sahani ya kikombe ingelifunika. Mabomba ya maji ya moto chini ya sakafu yalikuwa yamefungwa tangu baridi iishe, na sasa zilikuwa mvua za Julai, mji mzima wa Gunsan umelowa mpaka kuta zinatoa jasho. Alisimama mguu mmoja kwenye baridi, mmoja kwenye joto, akajiambia kwamba mwenye mimba huhisi mengi.

Maana alikuwa na mimba. Miaka ya sindano tumboni za kutafuta mtoto, miaka ya kulia chooni bomba likiwa limefunguliwa ili mumewe asisikie, na katikati ya miaka hiyo mimba moja ilishika, ikapewa jina, kisha ikatoka kabla haijaanza kuonekana. Hii ya sasa ilikuwa inaukaribia umri ule ule. Kila alipokwenda haja aliogopa kutazama.

Kwetu mtoto hupewa jina la tumboni, jina dogo la kuongea naye, ambalo huliacha siku anapozaliwa. Yule wa kwanza aliitwa Kongi, yaani punje ya soya, kwa kuwa ndivyo alivyoonekana kwenye picha ya daktari. Huyu wa pili Darae hakumpa jina. Aliyempa ni mama mkwe wake, Bi Okbun.

Bi Okbun alikuwa na duka la keki za mchele, na Darae alimsaidia pale kupika keki nyeupe za kusherehekea siku mia tangu watoto wa watu wazaliwe. Bibi huyo alikuwa hatupi kitu. Hata kamba ya mfuko wa unga aliikunja akaiweka. Siku Wonsik, mumewe Darae, alipomweleza mama yake habari ya mimba, bibi huyo alipanda mbio hadi nyumbani kwao ghorofani na kuinamia tumbo la mkwewe.

"Kongi! Kongi wa bibi! Umerudi, eti?"

"Mama, si jina hilo," Darae alisema.

"Lina nini? Jina zuri, halijavaliwa hata. Mnataka litupwe?"

Wonsik akacheka. "Mwachie tu, mke wangu. Ukimbishia atatuletea supu ya mifupa mpaka tuote mkia."

Darae naye alicheka, maana kicheko kilikuwa kimeadimika nyumbani mle. Kesho yake ndipo lilipotokea doa.

Likawa linahama. Leo liko mlangoni, kesho karibu na kabati, na kila lilipokaa paliacha harufu ya maziwa yaliyochacha, katika nyumba isiyo na tone la maziwa. Bi Okbun alikuja kila siku na sufuria lake la supu, na kila siku aliita kabla hajavua viatu: "Kongi! Bibi kaja!" Mchana mmoja, wote watatu wakiwa sebuleni, alipoita hivyo, chumbani mlimokuwa hamna mtu kikasikika kisauti chembamba:

"Abee."

Sufuria likamponyoka Bi Okbun. Hakuna aliyeinama kuliokota.

Usiku ule Darae aliona damu. Kidogo tu, lakini aliijua. Daktari alisema moyo wa mtoto unapiga, alale asinyanyuke. Akalala kwenye godoro lao la sakafuni, na hapo ndipo alipoteseka kweli, kwa sababu lile joto lilimfuata, likaingia chini ya godoro, likapanda taratibu kutoka miguuni hadi kiunoni, likatulia nyuma ya tumbo lake na kuanza kusukuma, polepole, bila hasira, kama mtu anayetaka kusogezewa nafasi kitandani.

Wonsik akamleta Bi Cheon, mganga, mwanamke mnene aliyeingia na koti la mvua la manjano, akaomba kahawa yenye sukari nyingi, kisha akaweka kiganja sakafuni na kukiondoa haraka.

"Nani kamwita?" alinong'ona.

"Mimi," Bi Okbun alijibu. "Nilikuwa namwita mjukuu wangu aliye tumboni."

"Aliye tumboni halijui jina hilo. Lina mwenyewe. Umemwita kila siku, umemuuliza kama amerudi. Basi karudi, na kakuta mahali pake pana mtu."

"Ni mbaya?" Wonsik aliuliza.

"Mbaya wapi! Mtoto tu. Watoto wakigombea godoro hufanyaje? Si husukumana?" Akamgeukia Darae, na sauti yake ikalainika. "Nitamfungulia mlango, mwanangu. Atakuita. Usiitike. Mtu yeyote asiitike. Akiitikiwa, kapata mwenyewe."

Mchana ule ule alitandaza kitambaa cheupe kutoka kwenye godoro hadi mlangoni, akaweka bakuli la wali kizingitini, akaanza kutikisa njuga zake. Mvua ilikuwa ikinyesha. Joto likatoka chini ya Darae.

"Mama?"

Sauti ilitoka kando ya sikio lake. Alijua ni ya nani. Hakuwahi kuisikia, lakini aliijua, na mwili wake mzima ulitaka kuitika, akajiziba mdomo kwa mto, akalimeza jibu lake, na sauti ikaita tena, ikasogea kwenye kitambaa, ikapita katikati ya miguu yao wakausikia uvuguvugu wake kwenye vifundo, ikafika mlangoni ikasita, ikaita baba, kimya, ikaita mama, kimya, sasa ikiwa imeshaanza kulia kilio kile cha mtoto aliyeachwa sokoni, asiyejua amekosa nini, na Wonsik analia bila sauti na njuga zinalia, na ikaita mara ya mwisho, chini kabisa, bila kutumaini:

"Bibi?"

"Abee," Bi Okbun akasema. "Abee, mjukuu wangu. Bibi yupo."

Njuga zikanyamaza. Bi Okbun alichukua mwavuli wake, akaondoka.

Damu ilikoma siku ile. Sakafu ikawa sakafu. Tumbo likakua mpaka Darae akashindwa kufunga viatu, na mama mkwe wake akawakataza kumtembelea. Wonsik alibaki kupokea keki mlangoni mwa duka.

Majira ya vuli yalipokaribia kwisha, Darae alishindwa kuvumilia, akaenda dukani. Bi Okbun alikuwa akipepeta unga, amekonda mno, mbeleko imefungwa mgongoni. Mbeleko ilikuwa tupu, lakini ameinama mbele, na mafundo yamekazika kifuani pake.

"Usisogee," alinong'ona. "Kalala."

"Mama, mpeleke kwa Bi Cheon. Tafadhali. Atakumaliza."

"Nilimwita mimi." Akajitikisa taratibu, akampapasa yule asiyeonekana. Kisha akalitazama tumbo la mkwewe, na Darae akamwona jinsi alivyoogopa.

"Kila siku ananiuliza mdogo wake atazaliwa lini. Namwambia bado sana. Nenda, mwanangu, nenda kabla hajaamka akakuona."