Kadi ya Jumapili

Lifti ilikwama kati ya ghorofa ya sita na ya saba, saa mbili na nusu asubuhi, ikiwa na watu wanane ndani na wengine kibao ukumbini chini wakitazama saa zao. Mmoja wa wale wanane alikuwa anasali, mwingine anamtukana mwenye jengo. Kijana mmoja mrefu, shati la bluu lililopigwa pasi likanyooka, yeye alikuwa anaandika kwenye kadi.

"Nyie mliomo humo!" sauti ya kike ikapenya mlangoni. "Acheni kugongagonga, nasikiliza mota."

"Unaisikiliza?" akauliza wa shati la bluu. "Si uitengeneze tu?"

"Kaka, daktari akikuwekea kipimo kifuani huwa unamwambia akupasue kwanza? Nyamaza."

Watu wakaangua kicheko, hata aliyekuwa anasali. Dakika sita baadaye lifti ikapanda taratibu na mlango ukafunguka. Mbele yao alisimama msichana mfupi wa ovaroli ya kijivu, kitambaa chekundu kichwani, doa la grisi shavuni. Wote wakatoka mbio. Wa shati la bluu akabaki ameduwaa.

"Umefika, kaka. Au nikufungie tena?"

"Nifungie," akasema, na hakuwa anatania.

Basi wakaanza kupendana hivyo. Kijana alikuwa mwandishi wa kamusi, ghorofa ya tisa. Kazi yake ilikuwa kukusanya jinsi watu wanavyotumia maneno ya Kiingereza katika mazungumzo ya kila siku, na mwaka ule alikabidhiwa lile la kumsifu mtu akili. Popote aliposikia mtu akisema "intelijenti", iwe sokoni au msibani, alichomoa kadi mfukoni akaandika sentensi, mahali na siku. Yule msichana, fundi wa lifti, akambandika jina la Bwana Kadi.

"Bwana Kadi, umekula?" alimpigia simu mchana.

"Nakusubiri, mpenzi."

"Usinisubiri, niko juu na kamba za chuma. Nikianguka, uandike."

"Ukianguka nitakudaka."

"Kwa mikono hiyo ya kushika kalamu? Hebu nipishe!"

Fundi akimaliza kazi alipanda ghorofa ya tisa, akamsaidia kupanga kadi. Walizisoma kwa sauti. "Mwanangu intelijenti, anaongea Kiingereza kitupu." "Mbwa wangu intelijenti, nikimsalimia anaitika." "Simu hii intelijenti kuliko mume wangu." Fundi alicheka mpaka akashika mbavu. Siku moja akaacha kucheka.

"Mbona hamna fundi hata mmoja humu?"

"Watu hawasemi hivyo kuhusu mafundi."

"Kwa nini?"

Bwana Kadi akasema ataangalia. Hakuangalia. Na hakujua kwamba msichana aliacha shule siku baba yake, fundi wa lifti, alipougua akashindwa kuinuka kitandani, akabeba mkoba wake wa vifaa akaenda kazini badala yake. Tangu hapo alisifiwa bidii, alisifiwa nguvu. Akili hakuna aliyemsifu, naye alijifanya haimuumi.

Jumapili moja Bwana Kadi akampeleka kwa dada yake mkubwa, aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki. Fundi alivaa gauni la njano na viatu vilivyombana. Friji ya dada ilikuwa imewashinda mafundi watatu. Akaitegea sikio, akafikiri, akaomba bisibisi, na kabla chai haijapoa friji ikaanza kunguruma. Dada akapiga vigelegele. Fundi akarudi nyumbani anachechemea, moyo mweupe.

Jumatano, akipanga kadi, akakutana nayo. "Ana mikono mizuri, maskini, ila si intelijenti. Nyumbani, Jumapili."

"Hii ya nani?"

Bwana Kadi akaitazama. "Si maneno yangu, mpenzi. Dada alisema jikoni, ulipokuwa unanawa. Haki ya Mungu."

"Mwandiko je?"

"Mwandiko wangu. Ni kazi, nikisikia naandika."

"Ukamjibu nini?"

Bwana Kadi akaanza kunyoosha rundo la kadi.

"Nakuuliza, ukamjibu nini dada yako?"

"Sikumjibu."

"Ile friji niliifikiria, Bwana Kadi. Kwa kichwa hiki. Mbwa ana akili, simu ina akili, mimi nina mikono! Na wewe, badala ya kufungua mdomo, ukatoa kalamu." Akairudisha kadi mezani. "Usinipigie."

Alimpigia mara kumi na moja. Simu iliita ndani ya ovaroli, Fundi anapaka grisi kama haisikii. Alilia, ndiyo, juu ya paa ambako hakuna wa kumwona.

"Mwanamume msomi, mpole," mama yake akamwambia, "unamwacha kwa sentensi moja?"

"Kwa hiyo hiyo moja, mama."

Mimi simlaumu. Anayemlaumu aseme yeye angefanyaje.

Jumapili iliyofuata simu ikaita tena. Safari hii akapokea, kwa hasira.

"Nini?"

"Usikate. Niko kwa dada, mezani, nimeweka spika. Sikiliza tu." Kisha sauti ikageuka upande. "Dada, wiki iliyopita ulisema fundi wangu hana akili. Nikanyamaza, nikaandika. Ulikosea, na mimi nilikosea kukuzidi."

"He! Unaniambia hivyo mimi niliyekuogesha?"

"Wewe, dada. Nakuheshimu, na ulikosea."

"Si nilimsifu mikono!"

"Mikono haikujua friji inaumwa nini. Yeye ndiye aliyejua. Usipolifuta neno lako, mimi sili hapa."

Kijiko kikalia kwenye sahani. "Huyo msichana anasikia?"

"Anasikia."

"Basi aje aniambie mwenyewe."

"Shikamoo, dada," simu ikasema. "Nakuja. Na nguo sibadilishi."

Alitokea kazini, ovaroli na grisi yake, akakaa kwenye kiti cha vitambaa vyeupe, kile cha wageni wakubwa. Dada akakitazama kitambaa, kisha grisi.

"Dada, mimi nina akili," Fundi akasema. "Sikuja kuomba unipe. Nimekuja kukuambia."

Dada akasogeza kiti chake karibu. "Nilisema vibaya, mdogo wangu. Neno lile hata mimi nimelitamani maisha yangu yote. Hakuna aliyewahi kuniambia."

"Basi tuko wawili," Fundi akasema, na sauti ikalainika.

Bwana Kadi akapiga goti palepale, kati ya meza na friji. "Nami je? Utakubali nikuoe?"

Fundi akamwinamia. Alichomoa kadi na kalamu kwenye mfuko wa shati la Bwana Kadi, akaandika taratibu, akampa dada. Dada akavaa miwani, akasoma kwa sauti:

"Huyu mwanamume ni intelijenti, ila akili yake huchelewa kufika. Imesemwa na mkewe mtarajiwa, nyumbani, Jumapili."

Bwana Kadi akaomba isomwe tena.