Barafu Bila Soda

Kitendawili!

Mbona unaitikia kama mtu aliyelala na njaa? Itikia vizuri. Haya, sasa tega sikio.

Hajazaliwa, na mtaa mzima unagombania sura yake.

Umesema mimba? Hapana. Mimba ina baba anayejulikana, au walau anayeshukiwa. Umesema mvua? Jaribu tena. Umeshindwa? Nipe mji. Umenipa? Basi nimekwenda, nimekula, nimelala, nimerudi, na jibu lako ni hili: simu.

Ndiyo, simu. Ile simu mpya yenye mfumo ulioitwa Kipepeo, iliyokuwa inazinduliwa asubuhi ile ninayotaka kukusimulia. Hakuna aliyekuwa ameishika, na hakuna aliyekosa habari zake. Kinyozi alisema haichajiwi, inakula jua. Muuza magazeti alisema inakuamsha kwa sauti ya marehemu bibi yako. Mhadhiri mmoja, pamoja na shahada zake zote, aliapa kwamba ukiidanganya inakuzimikia usoni.

Sindano aliyasikia yote hayo akiwa juu ya ngazi.

Sindano ni jina alilopewa na idara ya ujasusi. Sindano huingia kimya, na mtu huisikia ikishachoma. Asubuhi ile alivaa ovaroli ya buluu iliyoandikwa mgongoni FUNDI VIYOYOZI, na kichwa chake kilikuwa karibu na dari ya ukumbi mkubwa wa kampuni. Chini yake watu walisukumana wakitafuta viti. Kwenye sanduku lake la vifaa mlikuwa na bisibisi, spana na mtungi mdogo wa gesi ya kiyoyozi. Chini ya matambara ya kufutia mafuta ililala bastola, Glock 19.

Mkononi alivaa Casio. Ukiiona ungesema saa ya mwanafunzi. Ndani yake mlikuwa na redio.

"Sindano." Sauti ilitoka kwenye kidude kilichojificha sikioni. "Shangazi hapa. Unaona nini?"

Shangazi alikuwa mkuu wa idara. Hakuwa shangazi wa mtu yeyote.

"Naona watu wengi na akili chache," Sindano alijibu.

"Jibu kazi."

"Sijaona kitu, Shangazi. Bado."

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Katika jengo lile kulikuwa na simu moja iliyoitwa simu mama. Zile nyingine zote zilinyonya kwake. Atakayeitia mkononi kabla ya uzinduzi angeweza kupandikiza sikio ndani ya kila Kipepeo itakayouzwa: ya waziri, ya mgonjwa, ya bibi harusi. Kulikuwa na mnunuzi kutoka nje, mtu wasiyemjua sura, idara ikamwita Mgeni. Na kulikuwa na mtu wa ndani anayemfungulia milango.

Hiyo ilikuwa kazi ya idara.

Sindano alikuwa na kazi yake mwenyewe.

Mhandisi aliyeutunga mfumo wa Kipepeo alikuwa mdogo wake, tumbo moja, ziwa moja. Kijana aliyekuwa akicheka hata usingizini. Miezi mitatu iliyopita waliuokota mwili wake chini ya dirisha la ofisi yake, ghorofa ya nne. Kabla hata maiti haijaoshwa, uvumi ulikuwa umeshafika kwao: ameiba siri za kampuni, amegunduliwa, amejirusha. Nani aliyesema? Watu wamesema. Na watu wakisema, utamshtaki nani?

Walimuua mara mbili. Mara ya kwanza kwa dirisha, mara ya pili kwa mdomo.

Pale kaburini Sindano hakulia. Alisimama akautazama udongo, akasema moyoni: kwa mdomo mmeua, kwa mdomo nitawanasa.

Akageuka fundi.

Fundi wa kiyoyozi ni kama paka wa nyumbani, hupita kila chumba na hakuna anayenyamaza kwa ajili yake. Wiki nzima alizunguka ofisi za wakubwa watatu walioijua njia ya simu mama. Sindano alimnong'onezea kila mmoja uongo wake. Kwa mkuu wa wahandisi alisema, akijifanya mbea: "Mzee, nasikia simu mama ndiyo ile yenye ufa kwenye kioo." Kwa meneja wa fedha alisema: "Eti wameivalisha kava jekundu, wasiichanganye." Na kwa Msemaji wa kampuni, bwana mmoja mtanashati mwenye tai ya hariri na sauti ya asali, alisema: "Nimeagizwa niongeze baridi chumba cha simu mama, bosi. Haivumilii joto. Ikitoka nje bila barafu inajifuta yote, inabaki kama kigae."

Uongo mtupu, wote watatu.

Lakini uongo ni mbegu. Ukipanda mahindi huku, maharage kule na mtama pale, itakapochipua utajua shamba ni la nani.

Sindano alitazama chini tena.

Watu waliobeba kamera. Watu waliobeba watoto. Mhudumu akisukuma sanduku la baridi kwenye magurudumu, shati jeupe, glavu nyeupe. Mhudumu mwingine, na trei ya glasi. Wahudumu wawili wakigombana juu ya...

Akarudisha macho.

Yule wa glavu alipita mbele ya mzee aliyenyoosha mkono.

"Kijana, soda."

"Hakuna," alijibu, bila kusimama.

"Hilo sanduku lina nini?"

"Barafu."

"Barafu bila soda? Tunyweshwe maji ya friji?"

Watu wakacheka. Yule wa glavu hakucheka. Akausukuma mlango wa pembeni, ule uliokuwa ukienda kwenye korido ya simu mama.

Shamba lilikuwa la Msemaji.

Sindano akashuka ngazi taratibu kama fundi anayekwenda kunywa chai.

"Shangazi. Mgeni ameingia. Ana barafu."



"Basi ni Msemaji," Shangazi alisema. "Sikiliza. Nawataka wote wawili wakiwa hai. Nakujua wewe. Hai, umenielewa?"

Sindano alikuwa ameshafika kwenye korido.

Hapo ndipo simu yake ya mfukoni ilipotetemeka. Angeweza kuiacha. Lakini aliyekuwa akipiga alikuwa mama yake, na mama aliyekwisha kumzika mtoto mmoja hupigi hesabu ya kumwacha asubiri.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Uko wapi?"

"Kazini, mama. Nimebanana."

"Wewe na hivyo viyoyozi vyako. Sikia, nyumba imejaa majirani. Wamewasha redio, inatangaza simu ya mwanangu. Na jirani yetu huyu, ana haya hata kidogo? Anakunywa chai yangu huku anasema, ingekuwa furaha iliyoje kama mwizi hangejirusha. Chai yangu! Na sukari ameongeza!"

"Mama..."

"Mimi sisomi magazeti, wala sina mtu huko mjini isipokuwa wewe. Nakuuliza, na leo usinizungushe. Mwanangu aliruka?"

Mbele ya Sindano, Mgeni alichomoa kadi mfukoni. Kadi yenye picha ya Msemaji. Mlango ulilia *tii*, ukafunguka.

"Mama, nitakupigia."

"Tangu mazishi unaniambia hivyo hivyo," mama alisema. Akakata.

Sindano aliirudisha simu mfukoni. 

Akaingia.

Mgeni alikuwa ameshavunja kasha la kioo na kuizika simu ndani ya barafu kwa uangalifu mkubwa, kama anayelaza kitoto kichanga. Aligeuka. Alimwona fundi.

"Chumba kina joto," Sindano alisema. "Nimetumwa."

"Rudi baadaye."

"Siwezi. Bosi atanikata mshahara."

Mgeni akatabasamu. Mkono wake ukaenda kiunoni.

Ulikuwa mwepesi, lakini mtungi wa gesi ulikuwa mwepesi zaidi. Sindano aliufungulia ukapiga *fyuuu*, moshi mweupe ukamvaa Mgeni kuanzia vidole hadi kiwiko. Bastola ilimganda mkononi. Alijaribu kuvuta kifyatulio, kidole hakikukunjika. Alijaribu kupiga kelele, spana ikamfikia kwenye taya.

Akaanguka chali juu ya sanduku lake. Barafu ikamwagika sakafuni pamoja na simu.

Sindano hakuiokota. Ilikuwa ganda tupu, la maonyesho. Simu mama halisi ilikuwa imelala kifuani mwake tangu alfajiri alipozibadilisha, ndani ya sidiria, kwenye joto la kutosha kuangua yai.

Alimfunga Mgeni kwa waya wa umeme, mikono na miguu.

"Mmoja yuko tayari. Hai," alisema redioni. "Ila mkono wake mtausubiri uyeyuke."

"Na Msemaji?"

Sindano alichukua sanduku lake, akaelekea ghorofa ya nne.

"Sindano. Na Msemaji?"

Msemaji alikuwa nyuma ya jukwaa akipaka midomo mafuta, akisubiri ishara ya Mgeni. Ishara haikuja. Aliowaona ni vijana wa Shangazi wakipita na mtu mwenye glavu moja. Tabasamu likamkauka. Akasema anakwenda kujisaidia, akapanda ngazi mbili mbili hadi ghorofa ya nne, ofisini kwake, kuchukua pasipoti.

Ofisi ile haikuwa yake zamani. Ilikuwa ya mhandisi. Baada ya mazishi Msemaji aliiomba, akasema anapenda ilivyo na hewa.

Alifungua mlango. Dirisha lilikuwa wazi. Kando ya dirisha, fundi mmoja alikuwa akifuta spana yake kwa kitambaa.

"Toka," alisema Msemaji, akikimbilia droo.

"Namalizia, bosi."

"Nimesema toka! Unamalizia nini?"

"Kazi iliyoachwa na mdogo wangu."

Msemaji alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Paji la uso. Kidevu. Aliona sura aliyokwisha kuiona ikimsihi. Akarusha ngumi, na haikuwa ngumi mbaya. Sindano aliinama, akaikamata ile tai ya hariri na kuizungusha kwenye kiganja, na mwendo wa Msemaji mwenyewe ukamtoa dirishani kama nguo inayokwenda kuanikwa.

Nje ya dirisha, chini kidogo, ilining'inia mashine ya kiyoyozi kwenye fremu yake ya chuma. Msemaji aliidaka fremu kwa mikono yote miwili. Miguu yake ikacheza hewani. Kule chini umati ulioshindwa kuingia ukumbini ulikuwa kama siafu.

"Nivute! Nivute, dada yangu!"

"Leo mimi ni dada yako?" Sindano aliegemea dirisha. "Hiyo fremu inashikwa na boliti nne. Tatu nimezilegeza asubuhi. Hii ya nne ndiyo tunaongea nayo."

Akaigusa kwa spana. *Ngo.*

"Mungu wangu!"

"Muache Mungu, ongea na mimi. Ilikuwaje siku ile?"

"Alijirusha! Kila mtu anajua!"

*Ngo.* Spana ikazunguka kidogo.

"Sindano!" Shangazi aliita sikioni. "Namtaka hai! Unanisikia?"

Alimsikia. Alisikia pia upepo, na vidole vikikwaruza chuma. Hakuna mtu chumbani. Kumwacha aanguke tu, nani angejua? Watu wangesema amejirusha. Ingekuwa haki kama mizani ya dukani, kilo kwa kilo.

Ila maiti haina mdomo, na mdogo wake alihitaji mdomo wa mtu.

"Ninahesabu kimoyomoyo," alimwambia Msemaji. "Na mimi hesabu zilinishinda tangu shule. Naweza kuruka."

"Nilimsukuma!" Msemaji alipasuka kama gunia. "Nilimsukuma mimi! Nilimletea pesa za Mgeni, akazitupa. Akasema atanitangaza. Nikamwita dirishani nikamwambia tazama kule..."

"Na wizi?"

"Hakuiba! Hakuiba hata kalamu! Ule uvumi niliutunga mimi, usiku uleule, nikawapa madereva na wafagizi waueneze. Sasa nivute!"

Sindano alichomoa simu mama kifuani. Kioo chake kilikuwa kikiwaka; ilikuwa imerekodi kila neno. Kwa ajili ya uzinduzi mafundi walikuwa wameiunganisha na vipaza sauti vya ukumbi mzima, ndani na nje, ili Kipepeo isalimie watu kwa mara ya kwanza. Alibonyeza palipotakiwa kubonyezwa.

Sauti ya asali ikatoka kila upande. *Nilimsukuma mimi. Hakuiba hata kalamu.*

Chini, siafu wote wakasimama. Vichwa vikainuka. Kidole kimoja kikaonyesha juu, kisha vidole mia.

"Ulisema utanivuta," Msemaji alilia.

"Nilisema lini?" Sindano alirudisha spana sandukuni, akafunga. "Lakini usiogope. Hakuna boliti niliyolegeza. Zote nimezikaza mwenyewe, mimi ni fundi mzuri. Ulisikia uvumi tu, bosi, ukauamini."

Akamwacha pale, mikono ikimuuma na macho ya mji mzima yakimtazama, mpaka vijana wa Shangazi watakapofika na kamba. Aliwaambia wasikimbie ngazi, zina utelezi.

Alitoka kwa mlango wa nyuma, sanduku begani. Pale nje muuza magazeti alikuwa ameshaanza: "Umeona? Hiyo Kipepeo inafukua mauaji! Ukiwa na damu mkononi haiwaki!" Watu wakaitikia kwa vichwa. Sindano akawapita. Safari hii aliwaacha waamini.

"Nimempata, Shangazi. Hai," alisema, akavua Casio na kuitia mfukoni kabla hajasikia jibu.

Kisha akatoa simu yake ya zamani, yenye vibonye vilivyofutika, akasimama kivulini kando ya ukuta. Ililia mara moja tu. Nyuma ya pumzi za mama yake alisikia redio, na vikombe, na majirani walionyamaza.

"Mama," alisema. "Mwanao hakuruka."