Saa ya Mwenyeji

SAA NNE ASUBUHI.

Chumba cha nyuma ya duka la magodoro hakikuwa na dirisha. Nondo, mkuu wa genge, alikusanya simu na saa za mkononi akazitupa ndani ya ndoo. Simu yake mwenyewe akabaki nayo mfukoni.

"Rudia," akamwambia Fundi, mtaalamu wao wa kompyuta. "Kwa lugha ya watu."

Fundi akarudia. Kuna kampuni inakodisha mashine za kompyuta. Ndani ya mashine moja kubwa wanaishi wapangaji wengi: mashine zisizo na mwili, zinaazima mwili wa mwenyeji. Zamani mpangaji alidanganywa, akadhani nyumba nzima ni yake. Siku hizi anajua yeye ni mgeni. Akitaka kitu anampigia mwenyeji hodi, anapewa, kazi inakwenda haraka. Kwenye mlango huo wa hodi Fundi alikuwa ameona ufa wa kuchungulia kwa jirani. Na jirani yao ni benki.

"Saa sita benki inafungua hazina, funguo zinakuwa wazi. Na robo ukaguzi unapita. Programu yangu inatoka kabla."

"Nani katupangishia pale?"

"Shemeji, kaka wa mke wangu. Ndiye msimamizi wa zamu kule."

"Unamwamini?"

"Kama ndugu wa tumbo moja."

"Vizuri. Maana Mnene yuko sebuleni kwako sasa hivi, anakunywa chai na mkeo. Shemeji akituuza, atalipa dada yake."

Looh! Watu wengine hawana haya hata ya kuazima. Fundi akaigeukia kompyuta yake. Angefanya nini, na bastola ya Nondo iko mezani?

SAA SITA, KWA SAA YA KWENYE KIOO CHA KOMPYUTA.

Programu ikaingia. Funguo zikaanza kuja, kipande kwa kipande.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," Dereva wa genge akatania.

SAA SITA NA DAKIKA TANO.

Magari yakafunga breki nje. Mlango wa duka ukagongwa kwa kitako cha bunduki. Nondo akachomoa simu yake, akaitazama, akatazama kioo.

"Huku ni sita na robo. Huko kwako sita na tano. Kwa nini?"

Fundi alijua palepale. Mgeni hana saa yake. Hata saa anamwomba mwenyeji, na mwenyeji akiipunguza mwendo, mgeni hatambui. Ukaguzi ulikuwa umeikuta programu bado ndani. Milango yote Fundi aliikagua isipokuwa huo wa saa, kwa sababu aliyeushika alikuwa shemeji. Shemeji hakujua kwamba Mnene yuko na dada yake.

Nondo alikuwa ameshampigia Mnene. "Nasikiliza, mkuu," Mnene akasema.

"Nani katuuza?" Nondo akauliza.

"Mimi," Fundi akasema. "Polisi walinibana wiki iliyopita. Saa nimeirudisha nyuma mimi. Shemeji hajui lolote."

"Mbwa wewe," Dereva akasema.

"Na mkeo ukamwacha na Mnene?" Nondo akauliza.

"Ya Mnene umeniambia leo. Maji yalikuwa yameshamwagika."

Mlango wa duka ukaanza kupasuka. Nondo alimkazia macho, kisha akasogeza simu mdomoni.

"Mnene. Ondoka hapo. Mama wa watu hana kosa."

Hakuikata. Wote wakasikia kiti kikivutwa, halafu sauti ya mke wa Fundi, ya upole, ikimsindikiza mgeni mpaka mlangoni:

"Haya baba, karibu tena. Nitamwambia ulipita."

Nondo akaizima simu, akainua bastola.